Miaka 20 ya ndoa: mume anataka meli, mimi nataka kisiwa

SWALI

Shangazi, shikamoo.

Februari ijayo mimi na mume wangu tutatimiza miaka 20 ya ndoa. Watoto wamekua, mdogo wao yuko bweni, na kwa mara ya kwanza tangu tuitwe wazazi tunaweza kuondoka wawili tu. Akiba ya safari hii tumeiweka kidogo kidogo kwa miaka. Tumekubaliana kwenda visiwa vya Karibi na likizo tumeshapewa, wote wawili. Tukitoa siku za ndege za kwenda na kurudi, tunabaki na usiku 12 wa kulala huko.

Ugomvi umeanzia hapo. Mume wangu anataka meli ya utalii. Si tamaa ya juzi; tangu nimfahamu, akiona picha ya meli kubwa lazima asimame aitazame. Sasa amepata safari ya usiku 14 na yuko tayari kwenda kuomba siku za nyongeza kazini. Anasema tutafungua masanduku mara moja tu, chakula kipo, na visiwa vitakuja vyenyewe mlangoni. Namwelewa kiasi. Kila tunaposafiri dereva ni yeye, mizigo yeye, kutafuta njia yeye, na lawama tukipotea ni zake.

Mimi nataka kisiwa kimoja. Nataka chumba chenye mlango unaofungukia ufukweni, nilale nikiamka nione bahari ileile, na ikifika siku ya tatu muuza matunda awe ananijua. Kazi yangu ni kupokea watu tangu asubuhi hadi jioni, maswali juu ya maswali, na nikifikiria meli yenye maelfu ya abiria nachoka kabla sijapanda. Isitoshe bahari na mimi hatupatani. Kuna siku tulipanda feri bahari ikiwa imechafuka, nikatapika tangu tunang'oa nanga mpaka tunatia gati.

Nikimweleza haya mume wangu ananijibu, "Kukaa tunakaa nyumbani." Linaniuma neno hilo, Shangazi, kwa sababu nyumbani mimi sikai.

Wakala wa safari ametupa njia ya kati: usiku 4 kwenye meli kutoka Miami, halafu turuke kwa ndege hadi kisiwa kimojawapo tukamalizie hotelini. Mume amekubali shingo upande. Mimi nimekubali kwa sababu meli ikinishinda, itakuwa imekwisha upesi. Kabla hatujalipa nimeona nikuulize.

Na kuna jambo sijamwambia mtu. Naogopa kwamba tukikaa wawili mezani usiku baada ya usiku, tutajikuta hatuna la kuzungumza zaidi ya karo na paa linalovuja.

Ni mimi, Wa Nchi Kavu.

JIBU

Marahaba mwanangu, na hongereni sana.

Msilipe ile ya usiku 4. Mnaichukua kwa sababu hakuna aliyeitaka, na hiyo si sababu ya kutumia akiba ya miaka.

Hebu tuihesabu. Abiria huanza kupanda mchana, na mara nyingi chumba huwa tayari kuanzia kama saa 7. Meli huondoka saa 10 au saa 11 jioni, baada ya abiria wote kuoneshwa pa kukusanyika ikitokea dharura. Siku ya mwisho masanduku makubwa yanakuwa yamewekwa nje ya mlango tangu usiku, ili wahudumu wayashushe, na asubuhi ile mnatakiwa muwe mmetoka chumbani mapema kwa sababu wageni wengine wanapanda mchana huohuo. Kwa hiyo usiku 4 ni siku 3 kamili. Katika hizo 3, ya kwanza mtu anaimaliza akijifunza lifti ipi inampeleka wapi, na ya mwisho anaanza kukunja nguo. Usiku 7 unakupa siku 6 kamili, na kinachoongezeka ni zile siku za katikati, ambapo mtu ameshazoea na bado hajaanza kufikiria kurudi. Mumeo ameisubiri meli miaka yote hiyo. Ukimpa siku 3 atashuka akiwa na hamu kuliko alivyopanda, na utaendelea kuisikia habari ya meli hadi mwaka wa 25.

Kuna na jambo ambalo mawakala hawapendi kulitaja. Safari fupi za kutoka Florida, jimbo la Marekani lilipo Miami, huvuta vikundi vya marafiki wanaotaka kusherehekea wikendi. Muziki huwa juu, baa hujaa, na usiku huwa mrefu. Mama anayekimbia kelele za kazini hiyo ndiyo meli ya mwisho ningempandisha.

Ile ya usiku 14 nayo ina maswali yake. Mwulize mumeo ni ya aina gani, maana kuna mbili zinazouzwa kwa jina moja. Ya kwanza ni meli inayohama bahari. Kila mwaka, majira ya baridi ya kaskazini yanapokaribia, meli nyingi hutoka Ulaya kuja Karibi, na yakiisha hurudi. Nauli yake huwa nafuu, na sababu ni kwamba mnakaa siku nyingi mfululizo katikati ya Atlantiki bila kuona nchi kavu. Kwa tumbo lako hilo, hapana. Ya pili ni safari 2 za usiku 7 zilizounganishwa: siku ya 8 meli inarudi bandari ileile ilikoanzia, abiria wengi wanashuka, wapya wanapanda, na nyinyi mnabaki. Wapo wanaoipenda. Lakini maonesho ya jukwaani huenda yakarudiwa, na wakati mwingine hata bandari hurudiwa. Asiombe siku za nyongeza kwa ajili ya hiyo.

Sasa nikwambie ninavyowasoma. Umeniandikia mwenyewe kwamba mumeo ndiye dereva, mbeba mizigo, mtafuta njia na mpokea lawama. Mtu wa namna hiyo anapoota meli, anaota kubebwa. Kuna nahodha, kuna mpishi, na wakipotea njia si yeye atakayeulizwa. Ukimpeleka kisiwani siku zote 12, kesho yake utamkuta amekodi gari na anabishana na ramani, kwa sababu hatajua kazi yake pale ni ipi. Na wewe unapoota kisiwa kimoja unaota kuacha kupokea watu. Hayo ni mahitaji 2 ya haki, na usiku 12 yanatosha yote mawili bila kukatana vipande.

Tafuteni meli ya usiku 7 inayoanzia kisiwani. Hili watu wengi hawalijui, wanadhani kila safari ya Karibi lazima ianzie Miami. Majira hayo ya Februari zipo meli zinazopakia abiria Bridgetown, Barbados, na zipo za San Juan, Puerto Rico. Faida yake utaiona ukifungua ramani. Kutoka Miami meli inakula bahari siku nzima, wakati mwingine zaidi, kabla ya kuvifikia visiwa vya mashariki. Kutoka Barbados viko jirani: Saint Lucia, Martinique, Grenada, Antigua. Meli hutembea usiku mmelala, asubuhi inatia gati, na ratiba nyingi za huko huwa na siku moja tu ya kukaa baharini, nyingine hazina kabisa. Kwa mtu anayechafukwa na moyo, hakuna linalosaidia kuliko chombo kilichofungwa gatini mchana kutwa.

Mpango wangu kwenu ni huu. Mfike kisiwani siku moja kabla, mlale hotelini usiku 1. Huo si anasa. Ndege ikichelewa, meli haiwasubiri, na kuifukuza hadi bandari inayofuata ni gharama yenu wenyewe. Kisha usiku 7 melini. Kisha mrudi kwenye kisiwa kilekile, ikiwezekana hoteli ileile, mkae usiku 4. Mnaona imetimia 12, bila ndege ya katikati. Ningeweza kuwaambia muanze na zile siku nyingi za kisiwani halafu meli, lakini meli ina saa zake: saa ya kula, saa ya kushuka, saa ya kurudi. Ukitoka kwenye saa hizo moja kwa moja hadi uwanja wa ndege, utafika nyumbani umechoka. Kisiwa kiwe mwisho.

Na kisiwani kuwe na sharti. Melini ni zamu yake, apange yeye akitaka. Zile siku 4 ni zako, na hakodishi gari. Chagueni hoteli iliyo ufukweni yenye kifungua kinywa, ili asipate kisingizio cha kutoka asubuhi kutafuta mkate. Kama ni Barbados, ukae upande wa magharibi, ambako bahari imetulia. Upande wa mashariki unapigwa na mawimbi ya Atlantiki, unapendeza kwa macho ila si wa kuogelea. Muuza matunda, kwa siku 4, atakujua.

Nirudi kwenye hofu yako ya umati, maana ni ya kweli. Icon of the Seas, iliyoanza safari Januari 2024, ina urefu wa karibu mita 365 na inaweza kubeba abiria hadi 7,600. Ipo, inapendwa, na haikufai. Mwambie wakala unataka meli ya kati. Utapoteza baadhi ya michezo na maduka, jambo ambalo sidhani litakuliza. Ndogo kupita kiasi nayo uikwepe, kwa sababu huyumba zaidi. Meli za leo zina mabawa chini ya maji yanayopunguza kuyumba kwa ubavu, lakini hayaiondoi bahari. Chumba chenu kiwe katikati ya urefu wa meli na sitaha za chini kidogo, kwa kuwa huko ndiko kunakotikisika kwa uchache. Ncha za mbele na nyuma, na sitaha za juu, ndizo zinazosukasuka. Kama pesa inaruhusu chukua chenye roshani. Kwako roshani ni dawa, kwa sababu upepo na kutazama mstari wa upeo hutuliza tumbo, na ni mahali ambapo hakuna mtu wa kukuuliza swali. Vidonge vya kichefuchefu muulize mfamasia kabla hujasafiri, na uvimeze kabla meli haijaondoka. Ukingoja moyo uchafuke kwanza, umechelewa.

Ufukwe wa kisiwa utakaoupata kwa kushuka melini si ule unaouota, na hili mumeo alijue pia ili asije akasema "visiwa vimekuja mlangoni". Meli ikitia gati saa 2 asubuhi na kuondoka saa 11 jioni, ukitoa foleni ya kushuka na ile nusu saa au zaidi ya kutakiwa muwe mmerudi, mna kama saa 7 za nchi kavu. Mahali ambapo meli haiwezi kutia gati, kama George Town kule Grand Cayman, mnashushwa kwa mashua ndogo, na bahari ikichafuka nahodha anapita moja kwa moja. Mkataba wa tiketi unampa ruhusa hiyo. Katika saa hizo mfanye jambo moja tu. Wanaojaribu kuona maporomoko, soko, ngome na ufukwe kwa siku moja hurudi na picha za kioo cha basi. Na saa ya mkononi ifuate saa ya meli, ambayo huenda ikatofautiana na ya kisiwa.

Kuna siri moja ya meli nitakupa, na ningeomba muitumie siku yenyewe ya kumbukumbu yenu. Meli inapokuwa bandarini, abiria karibu wote hushuka. Wanaobaki huikuta meli kama nyumba ya sherehe asubuhi baada ya wageni kuondoka: viti vya kandokando ya bwawa vitupu, wahudumu wana nafasi ya kuzungumza, maktaba yote yenu. Panga tarehe yenu iangukie siku ya bandari, kisha msishuke. Watakaosikia watawashangaa. Mtakuwa mmepata meli yake na kimya chako kwa wakati mmoja.

Sasa lile jambo ambalo hujamwambia mtu. Watu wengi huniandikia hivyo watoto wakishaondoka, na hukusema kwamba hampendani. Umesema umezoea kuzungumza naye juu ya mambo yanayodai majibu. Kwa kula, meli hukupa uchaguzi: meza ya wawili au meza ya pamoja na wageni. Ombeni ya wawili siku nyingi, lakini usiku 2 au 3 za mwanzo mkae na wengine. Wageni watawauliza mlivyokutana. Msikilize mumeo akiwasimulia watu asiowajua. Atataja mambo ambayo hujawahi kumsikia akiyataja, pengine alivyovaa siku ile, pengine nani alimzuia asije kwenu, na mkirudi chumbani mtakuwa na la kuulizana. Usingoje meli kumweleza ile hofu, lakini. Mwambie wiki hii, jikoni, wakati wa kuosha vyombo, ambapo hamtazamani usoni. Inawezekana kabisa kwamba na yeye anaiogopa meza hiyo, na kwamba safari ndefu yenye maonesho kila usiku ilimpendeza kwa sababu hiyohiyo.

Kama baada ya yote haya mwili wako unakataa meli katakata, msilazimishe. Basi nendeni Shelisheli, ambako usiku 12 mtazigawa kati ya Mahé, Praslin na La Digue. Boti kutoka Mahé hadi Praslin ni takriban saa moja, na kutoka Praslin hadi La Digue ni kama robo saa, kwa hiyo mumeo anapata vyombo na wewe unapata kitanda kisichotembea. La Digue watu hutembelea baiskeli, hivyo hata suala la gari linakuwa limekwisha. Lakini hiyo iwe akiba. Meli mwanaume huyu ameingoja sana.

Kabla ya kulipa, yapo mambo ya karatasi. San Juan ni ardhi ya Marekani, kwa hiyo inahitaji viza ya Marekani, kama vile Miami. Ukianzia Barbados huenda ukaiepuka, lakini angalia kila kisiwa kilicho kwenye ratiba, maana karibu kila bandari ni nchi yake, na Martinique ni Ufaransa. Pasipoti ziwe na uhai wa angalau miezi 6 baada ya tarehe ya kurudi. Visiwa vingi vya Karibi huuliza cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa wanaotoka nchi zenye ugonjwa huo, na cheti huanza kutumika siku 10 baada ya kuchanjwa, kwa hiyo msiende kuchanja mkiwa mmeshika masanduku. Bima iseme waziwazi kwamba inalipia matibabu melini na kumsafirisha mgonjwa kwenda nchi kavu. Daktari wa meli humtoza mgonjwa.

Na mumwulize wakala nauli haijumuishi nini. Chumba, chakula cha kawaida na maonesho vimo. Kwa kawaida vinywaji vingi, intaneti, matembezi ya bandarini na ada ya huduma inayotozwa kwa kila mtu kwa kila siku havimo, na ndivyo vinavyowashtua watu bili inapofika usiku wa mwisho. Matembezi si lazima myanunue melini. Mkipanga na mwenyeji inaweza kuwa nafuu, ila meli husubiri abiria walioko kwenye matembezi yake yenyewe wakichelewa. Nyinyi wengine mnaangalia saa.

Februari hakuna wasiwasi wa vimbunga, kwani msimu wake Karibi ni kuanzia Juni 1 hadi Novemba 30. Wasiwasi wake ni watu: ndio wakati wanaokimbia baridi ya kaskazini wanajaa huko, na vyumba vya katikati vyenye roshani ndivyo vinavyoisha kwanza. Mpigieni wakala kesho, wote wawili mkiwa kwenye simu, na mumeo aseme mwenyewe kwamba ile ya usiku 14 ameiacha.

Shangazi